Kukosoa na kulaumu

Mwandishi wa gazeti, umechanganya kukosoa na kulaumu. Anayekosoa huonyesha kosa lilipo ili lirekebishwe, kama mwalimu anavyokosoa insha kwa kalamu nyekundu. Anayelaumu anatafuta tu wa kubebeshwa lawama. Hapa Ruiri, Meru, tulichoka kusikia kwamba madiwani wa Meru "wanamkosoa" aliyekuwa gavana, Kawira Mwangaza. Jamani! Madiwani hao walipiga kura ya kumwondoa mara 3, Desemba 2022, Oktoba 2023 na Agosti 2024, ndipo Seneti ikaafiki mara hiyo ya mwisho, nasi bado tunaita hivyo kukosoa? Hayo ni mashtaka. Mkosoaji ni yule mzee barazani anayesema karavati fulani limeziba, lizibuliwe kabla ya mvua. Huyo gazetini hatajwi.