Jina la Daktari, Si Hukumu ya Mtoto

Mwezi huu tunazungumzia neno moja la Kiingereza lililomliza mama mmoja kwa miezi kadhaa.

Alikuja kliniki na mwanawe wa miezi minne, amemfunika gubigubi ingawa jua lilikuwa kali. Tulipofungua kadi tuliona kwamba tangu chanjo ya kuzaliwa hakupata nyingine. Tukamwuliza, "Mama, ulikuwa umesafiri?" Akainama. "Hapana, sista. Niliandikiwa kwamba mtoto wangu ni wa chini. Sasa nimlete kwa ajili gani?"

Kwenye kadi palikuwa na neno "Down", wala hakuna aliyemweleza maana yake. Nyumbani alimpa kijana wa jirani amsomee, naye akatafsiri kama alivyofundishwa shuleni: chini. Mtoto alikuwa mlegevu na mzito wa kunyonya, basi neno lile likaaminika. Wakwe nao wakaanza kuuliza ukoo wa mama una nini.

Kijana hakudanganya. Waingereza hulitumia neno hilo kwa anayeteremka ngazi, kwa bei iliyoshuka, hata kwa mtu mwenye huzuni. Lakini hapa ni jina la mtu. Daktari Mwingereza, John Langdon Down, ndiye aliyeandika juu ya watoto wa namna hii mwaka 1866, na baadaye hali hiyo ikaitwa kwa jina lake. Kama angeitwa Juma, leo tungesema hali ya Juma, na hakuna mama ambaye angelia kwa sababu ya jina.

Chanzo chake kilijulikana mwaka 1959 huko Ufaransa. Kila chembe ya mwili ina nyuzi za urithi ziitwazo kromosomu, kwa kawaida 46. Wengi wa watoto hawa wana 47, kwa kuwa ile ya 21 imekuja mara tatu badala ya mbili. Si laana, si kosa la chakula, na mara nyingi haitokani na ukoo. Uwezekano huongezeka mama anapozidi miaka 35, lakini hata wenye miaka 20 huwazaa.

Basi mama afanyeje?

1. Mtoto apimwe moyo. Karibu nusu yao huzaliwa na hitilafu ya moyo, na nyingi hutibika zikigunduliwa mapema. Apimwe pia masikio, macho na tezi ya shingo.

2. Anyonyeshwe kwa subira, kidogo kidogo na mara nyingi, kwani misuli yake ni laini na huchoka upesi. Akishindwa, kamua maziwa umpe kwa kikombe.

3. Apate chanjo zote. Watoto hawa huugua kifua kwa urahisi.

4. Azungumziwe, achezeshwe, na wakati ukifika apelekwe shule. Wengi hukaa, hutembea na kusema, ila kwa kuchelewa. Penye matibabu mazuri, wengi siku hizi hufikia miaka 60.

Nasi wauguzi tukubali lawama yetu. Kuandika neno la kigeni kwenye kadi na kumwacha mama aende zake ni kazi nusu. Nawe mama, usiondoke mpaka umeeleweshwa. Kuuliza si utovu wa adabu.

Mama kama huyu akija ibadani, tusinong'one wala tusimwonee huruma kwa mbali. Tumpokee mtoto mikononi, tuulize anaitwa nani. Siku ile tulipomfunua mtoto na kuuliza jina lake, mama aliinua uso kwa mara ya kwanza, akalitaja. Tukamchoma sindano ya kwanza kati ya zile alizokosa, akalia kwa nguvu kama wenzake wote waliokuwa kwenye foleni.