Gari Lisilofika Sokoni

Kila linapotajwa barazani gari la Nyayo, lile lililobuniwa kwetu Kenya, aghalabu hufuata kicheko, kana kwamba kuunda chombo kisichofika sokoni ni aibu iliyotupata sisi peke yetu. Nami naona kicheko hicho ni dhuluma kwa mafundi walioliunda na kwa vijana wanaokisikia.

Mwaka 1963 kampuni ya Chrysler ya Marekani, yenye mali nyingi na wahandisi hodari, ilidhihirisha gari lenye injini ya jamii ya zile za ndege, isiyo na pistoni, bali magurudumu ya mapanga yazungushwayo na hewa ya moto. Lilikubali dizeli, likakubali hata mafuta ya taa, yale yale tutiayo kandilini. Na dereva alipogeuza ufunguo hakusikia mngurumo, ila mvumo mwembamba uliopanda polepole. Magari 50 yaliazimwa raia 203 kwa zamu, yakaenda zaidi ya maili milioni 1. Walakini, kwa kuwa yalikunywa mafuta mno na madini ya injini yake yalikuwa ghali, hayakuuzwa kamwe, na kati ya yote 55 yaliyoundwa yakasalimika 9 tu. Hapana aliyesema kwa sababu hiyo kwamba Wamarekani hawajui kuunda magari.

Ama sisi, mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kibuni gari la Kenya, na yakatoka magari 5, yaliyofikia mwendo wa kilomita 120 kwa saa. Shirika likaundwa ili yatengenezwe kwa wingi, fedha zikakosekana, na hapo ndipo wachekaji wanapokomesha hadithi; ilhali shirika lile lilibadilishwa jina likawa Numerical Machining Complex, ambalo kazi yake ni kuchonga vipuri vya mitambo.

Fundi wa majahazi hautupi ubao uliopasuka kabla hajatazama ni msumari gani ulioupasua. Basi nawasihi wenye mamlaka ya elimu wayatie magari yale katika masomo ya vyuo vya ufundi, pamoja na michoro, vipimo na hesabu za gharama zilizoyakwamisha, ili kijana atakayeunda la 6 aanzie pale wenzake walipofikia.