Bastola Ndani ya Mkate

Juma lililopita mvua ilitufungia nyumbani hapa Siongiroi, na mjukuu wangu akaniletea kitabu cha picha tukisome pamoja. Kitabu chenyewe ni kile cha marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o juu ya Njamba Nene na bastola, kilichotolewa kwa Kikuyu mwaka 1984. Sisi tulikuwa na tafsiri ya Kiingereza. Humo mtoto maskini, wakati wa Hali ya Hatari iliyotangazwa Oktoba 1952, apewa mkate aupeleke mahali, kumbe ndani ya mkate mna bastola. Kijana wangu alifurahi mno. Akaniuliza, "Kugo, wewe nawe ulikuwa na bastola?"

Sikuwa nayo. Vita nilivyovikuta mimi utotoni ni vile vilivyokwisha mwaka 1945, navyo vilikaa nyumbani mwetu juu ya kigoda. Baba alikuwa askari wa Keya, akapelekwa Bama mwaka 1944 pamoja na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Kigoda chake kikabaki karibu na moto, wala hakuna aliyethubutu kukikalia. Barua ilipofika, mama, ambaye hakujua kusoma, ilimpasa kuipeleka kwa mwalimu. Naye mwalimu aliisoma kwa sauti kuu mbele ya watu, hata maneno ambayo mume humwambia mkewe peke yake. Mama alitazama chini. Baba aliporudi na koti lake zito nilikimbilia kwa ndama, nikidhani ni mgeni. Usiku alipiga kelele usingizini. Asubuhi hakuna aliyemwuliza neno.

Simlaumu mwandishi, kwani watoto hupenda mashujaa. Tena yeye mwenyewe aliyajua haya ya kungoja: katika kitabu cha maisha yake ya utotoni huko Limuru, kilichotoka mwaka 2010, aeleza jinsi kaka yake alivyoingia msituni na jinsi waliobaki nyumbani walivyoishi kwa hofu. Lakini kitabu hicho ni cha watu wazima. Watoto wetu wamepewa bastola, kigoda hawajachorewa. Nasi tuliokuwa wadogo siku zile tumebaki wachache, na aliye na kalamu na rangi, hasa ajuaye Kikipsigis, asikawie kutujia.

Nilipokwisha kusema, mjukuu wangu alichukua penseli. Akauliza kigoda kilikuwa na miguu mingapi.