Msitupe mkanda wa pingili, na msifunge mkanda kwa waya

Leo siandiki habari ya mbolea. Leo naomba tugombane kidogo, mimi na ninyi wenye mashine za kusaga, kukoboa na kupukuchua.

Msimu huu nimepita kwenye mashine tatu katika kata yangu nikakuta mkanda umefungwa kwa waya. Kwenye ya nne, mkanda wa pingili umetupwa nyuma ya banda, mzima isipokuwa pingili mbili. Mwenyewe kaniambia, "Bwana shamba, ukishakatika umekwisha," kisha akapanda bodaboda kwenda mjini kutafuta mwingine. Siku mbili kina mama wakarudi nyumbani na mahindi yao kichwani. Nasema kwa heshima: huo ni uvivu wa kufikiri.

Tuelewane. Mkanda wa kawaida ni mduara mmoja, na ndani yake kuna nyuzi zinazobeba mzigo. Nyuzi zikikatika, umekwisha kweli, na waya haurudishi nguvu yake. Mkanda wa pingili ni kitu kingine. Ni vipande vidogo vilivyolaliana, kila kimoja kina ulimi unaopita kwenye matundu ya wenzake. Wengine mmeupata juu ya mashine za mtumba za useremala bila kujua mmepata nini. Ulitengenezwa ili ufunguliwe kwa mkono!

Ninyi wa waya, fanyeni hesabu. Injini ikizunguka mara 1500 kwa dakika na puli yake ni ya inchi 6, mkanda unakimbia karibu mita 12 kila sekunde. Ncha ya waya inapita mbele ya vidole vyako kwa mwendo huo, na mara nyingi mtoto wa mteja amesimama hapo hapo. Mkanda una bei dukani, kidole hakina.

Sasa kazi yenyewe. Zima injini, kama ni mota ya umeme, zima swichi kuu, na asiiguse mtu mwingine. Toa mkanda, uoshe kwa maji ya sabuni, si kwa petroli wala dizeli, uanike kivulini. Geuza ndani nje ili ndimi ziwe juu, kisha zungusha ulimi na kuuchomoa tunduni, moja baada ya nyingine.

Kunja kila pingili mbele ya mwanga. Tupa iliyopasuka kuanzia kwenye tundu, yenye tundu lililorefuka, yenye ulimi uliokonda shingoni, iliyoungua pembeni na iliyovimba kwa oili. Usiionee huruma hata moja, kwa sababu mkanda una nguvu ya pingili yake dhaifu kuliko zote. Usichanganye saizi pia: A ina upana wa milimita 13 juu, B ni 17.

Unganisha zilizobaki, zungushia kwenye puli, vuta kwa mkono mpaka zikutane. Kwa mkanda mpya wa A au B, kanuni ni kutoa pingili moja katika kila 24, maana mpya hurefuka. Wa zamani umekwisha kurefuka, kwa hiyo toa chache zaidi, kisha maliza kukaza kwa boliti za mota. Ugeuze tena ndimi ziwe ndani, na kama una mshale, uelekee upande mashine inakozunguka. Saga siku moja, kagua, kaza tena.

Najua mtakalosema: "Fundi wangu anasema pingili za zamani zitakatika tu." Fundi wako ana haki nusu. Zitakatika ukizipeleka kwenye kinu kikubwa kinachosaga kutwa. Kwa hiyo usizipeleke huko. Kinu kipe mkanda mpya. Za zamani zipeleke kwenye jiwe la kunolea, feni ya kupepetea, mashine ndogo ya kupukuchua. Mzee hafukuzwi nyumbani, lakini habebeshwi gunia. Na kama puli yako ina mifereji miwili, mikanda yote miwili iwe na idadi moja ya pingili na umri mmoja. Ukichanganya, mmoja utabeba mzigo wa wote.

Wengine mtasema mkanda wa pingili ni ghali. Ndiyo, ni ghali kuliko wa kawaida. Ndiyo maana nashangaa mnautupa kwa sababu ya pingili mbili! Weka pingili kumi nzima kwenye kopo karibu na mashine. Siku mkanda utakapokatika katikati ya foleni, utabadilisha kwa dakika chache na wateja wako hawatakwenda kwa jirani.

Jambo la mwisho, na hapa sibembelezi: ukimaliza, rudisha kikinga mkanda. Kama mashine yako haina, kachome cha bati au wavu wiki hii. Mkanda uliofungwa vizuri bila kikinga bado unakula mikono.

Nitapita tena kabla ya mavuno ya mpunga. Nikikuta waya kwenye mkanda wako, nitauliza mbele ya wateja.

Kazi njema.