Kipimo cha damu cha saratani ya ngozi: je, mtoto wako anakihitaji?

Mama akisikia kwamba kuna kipimo cha damu cha saratani ya ngozi inayosababishwa na virusi, hutaka kujua ampeleke wapi mtoto akapimwe. Kabla hujatoa fedha, jua kwanza ni saratani ipi inayozungumziwa.

Kipimo hicho cha kingamwili kilitengenezwa Marekani kwa ajili ya saratani ya seli za Merkel. Ni saratani adimu, na huwapata zaidi wazee wenye ngozi nyeupe. Virusi vyake viligunduliwa mwaka 2008. Hata huko, kipimo hakitumiki kutafuta saratani kwa mtu mwenye afya. Hupimwa mgonjwa ambaye tayari amegundulika, na karibu nusu ya wagonjwa hao ndio wenye kingamwili hizo. Uvimbe ukiondolewa, kingamwili hushuka. Zikipanda tena, daktari huanza kutafuta kama saratani imerudi.

Huku kwetu saratani ya ngozi yenye virusi tunayoifahamu ni Kaposi. Haikuletwa na UKIMWI, kwani madaktari walikutana Kampala kuijadili tangu mwaka 1961, ila VVU viliiongeza sana. Virusi vyake, HHV-8, viligunduliwa mwaka 1994.

Kingamwili za HHV-8 nazo zinaweza kupimwa, na watafiti huzipima. Tatizo ni maana ya majibu. Zikionekana, zinasema tu kwamba mwili umewahi kukutana na virusi hivyo. Afrika Mashariki vimeenea, na wengi huvipata utotoni kupitia mate (kumtafunia mtoto chakula ni njia mojawapo ya kumpa mate yako, hata kama bibi zetu walifanya hivyo kwa upendo). Wengi wao hawaugui Kaposi maisha yao yote. Kwa hiyo majibu hayo yangekunyima usingizi bila kukuambia kama mtoto ana saratani. Na mtu mwenye kinga dhaifu sana anaweza kuwa na saratani huku kingamwili zake hazionekani vizuri.

Mama aliyejifungua akiwa na VVU ameshakutana na jambo hili kliniki. Mtoto mchanga hapimwi kwa kipimo cha kawaida cha kingamwili, kwa sababu huenda zikawa ni za mama. Huchukuliwa tone la damu na kutafutwa virusi vyenyewe.

Kaposi huthibitishwa kwa kukata kinyama kidogo cha ngozi au tezi na kukiangalia kwa hadubini. Kwa anayeishi Njoro, huduma hiyo haiko mbali. Pale KCMC kuna kituo kinachofundisha wataalamu wa ngozi kutoka nchi nyingi za Afrika tangu mwaka 1992. Anza zahanati, uombe rufaa.

Angalia mabaka au vinundu vya zambarau, kahawia au vyeusi visivyouma wala kuwasha, kwenye ngozi au ndani ya mdomo, hasa kwenye kaakaa. Angalia pia mguu unaovimba bila kuumia. Watu hudhani ni damu iliyovilia au matende, na miezi inapita. Kwa watoto ni vigumu zaidi: mara nyingi huvimba matezi tu, ngozi ikiwa safi, na mtoto hutibiwa kifua kikuu wakati tatizo ni jingine. Matezi yasiyopungua baada ya dawa yarudishwe kwa daktari.

Kipimo cha damu cha kuomba siku hiyohiyo ni cha VVU. Ni bure katika vituo vya serikali, na majibu yake hubadilisha matibabu. Kwa mwenye VVU, ARV ni sehemu ya tiba ya Kaposi, na mabaka machache huweza kufifia kwa dawa hizo peke yake. Yakiwa mengi, au yakiwa yameingia mapafuni au tumboni, huongezwa dawa za saratani.

Kinyama kikishachukuliwa, uliza majibu yatatoka siku gani na yatafuatwa dirisha lipi. Acha namba ya simu inayopatikana, hata kama ni ya jirani.