Uzito wa Mtoto Baada ya Upasuaji wa Moyo

Na Zuhura Mkwizu

Mtoto aliyezaliwa na tundu kubwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo huanza maisha kwa kukonda. Damu nyingi kupita kiasi huenda kwenye mapafu, anahema harakaharaka, na akinyonya kidogo tu jasho linamtoka kichwani, anaachia titi na kusinzia kabla hajashiba. Ndiyo maana mama wa Tandale au Mbagala akienda kliniki, jicho lake liko kwenye mstari wa uzito usiopanda. Ushauri anaopewa ni sahihi: uji uongezwe maziwa, karanga na mafuta, na mtoto alishwe kidogokidogo mara nyingi.

Duniani, karibu mtoto mmoja kati ya 100 huzaliwa na tatizo la moyo. Tangu Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete ianze kazi pale Muhimbili mwaka 2015, watoto wengi hutibiwa hapahapa nchini, ama kwa kufunguliwa kifua, ama kwa kuzibwa tundu kupitia mshipa wa pajani, bila kusubiri safari ya India.

Tundu likishazibwa, hesabu ya chakula hugeuka. Mwili hauteketezi tena nguvu nyingi kwa kuhema, lakini bakuli la uji linabaki lilelile, na majirani wanasifu mashavu. Kilo za mwanzo ni nafuu ya kweli. Shida ni zinazofuata, ambazo nazo hupokewa kama dalili ya kupona. Kwa huruma, aliyepona hanyimwi kitu: chipsi mayai ya kibandani jioni, na soda juu yake. Chupa moja ya mililita 350 ina sukari inayozidi gramu 35, wakati Chama cha Moyo cha Marekani kinashauri mtoto asivuke gramu 25 za sukari ya kuongezwa kwa siku nzima.

Kuna na la michezo, na hapa ndipo wazazi wengi hukosea kwa nia njema. Wenzake wanacheza rede na kombolela kichochoroni, yeye anaambiwa akae barazani, ana moyo. Kumbe wengi waliozibwa tundu la kawaida na kupona vizuri huruhusiwa kukimbia kama wenzao. Shirika la Afya Duniani linataka mtoto wa umri wa shule apate walau dakika 60 za kuuchosha mwili kila siku. Wapo wanaowekewa mipaka, kama wenye mapigo yasiyo sawa au wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, ila mipaka hiyo huwekwa na daktari, si bibi wala mwalimu wa zamu.

Unene kwa mtoto huyu una gharama ya ziada. Shinikizo la damu hupanda na kuubebesha mzigo moyo ambao tayari una kovu. Mafuta ya kifuani hufifisha picha ya eko, yaani ya moyo kwa mawimbi ya sauti. Na wapo, hasa waliotibiwa kasoro ya moyo iitwayo ya Fallot, watakaohitaji kubadilishiwa vali ukubwani. Kwa mgonjwa mnene, nusukaputi na kupona kwa kidonda huwa kazi ngumu zaidi.

Kadi ya kliniki hukoma mtoto akitimiza miaka mitano, umri ambao kwa wengi unene ndio kwanza unaanza. Kliniki ya moyo bado humpima uzito ili kukokotoa dozi ya dawa. Uzito huohuo, ukilinganishwa na urefu wake kwenye chati ya umri, unatosha kuonyesha mapema kilo zilizozidi, mzazi akiuliza.