Mwendo wa Ndege na Mwendo wa Safari

Kutoka Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, Dar es Salaam, hadi kile cha Abeid Amani Karume, Unguja, ni kilomita zipatazo 73 kwa mstari ulionyooka. Ndege ikizimaliza kwa dakika 20, mwendo wake wa wastani ni kilomita 219 kwa saa. Hesabu hiyo ni sahihi, lakini haitoshi. Msafiri atokaye Tegeta, wilayani Kinondoni, huenda akatumia dakika 90 barabarani na 60 kiwanjani. Kuongeza kasi ya ndege maradufu kutampunguzia dakika 10 tu. Kuongeza kasi ya barabarani maradufu, dakika 45. Yafaa basi wanafunzi wafundishwe kupima safari nzima, tangu mlangoni, kabla ya kuisifu mashine iendayo kasi.